Kiwanja chako ndani ya kompyuta: jinsi Wizara ya Ardhi inavyotumia mifumo ya taarifa za kijiografia

Kwa miaka kadhaa sasa, anayefuatilia habari za ardhi nchini Tanzania amekuwa akisikia kwamba kumbukumbu zinahamishwa kutoka kwenye majalada kwenda kwenye mfumo wa kidijitali, kwamba viwanja vinaingizwa kwenye mfumo, na kwamba vijiji vinapimwa kwa simu na picha za setilaiti. Taarifa hizo zimeleta matumaini makubwa pamoja na mkanganyiko usio mdogo. Wapo wanaoamini kwamba kiwanja kikishaonekana kwenye kompyuta ya Wizara hakuna tena awezaye kukigusa. Wapo wanaodhani kwamba setilaiti inayaona mawe ya mipaka na inamjua mwenye ardhi. Na wapo, hasa waliowahi kudhulumiwa, wanaohofia kwamba ofisa mmoja aliyekaa mbele ya kioo anaweza kuihamisha ardhi yao kwa kubonyeza kitufe. Naandika makala haya kwa sababu naamini kwamba mwananchi anayeelewa mfumo huu unafanya nini, na haufanyi nini, ataingia ofisi ya ardhi akiwa na maswali sahihi, na katika mambo ya ardhi swali lisiloulizwa mapema huja kulipwa kwa gharama kubwa.

Mfumo wenyewe ni nini

Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wataalamu huutaja kwa kifupi kama GIS, ni mkusanyiko wa kumbukumbu, programu, vifaa na watu, na kazi yake ni kuviweka pamoja vitu viwili ambavyo zamani vilitunzwa mbalimbali: mahali kitu kilipo, na yote yanayojulikana kukihusu. Katika utaratibu wa karatasi, jalada la kiwanja lilikaa masjala, ramani ya upimaji ikatunzwa na idara ya upimaji na ramani, mchoro wa mipangomiji ukawa kwa maofisa mipangomiji, na kumbukumbu za kodi ya pango la ardhi zikawa kwenye leja nyingine kabisa. Kila karatasi ilisema kweli yake. Lakini aliyetaka kujua kama kiwanja kinachotajwa kwenye jalada fulani hakijaangukia eneo la wazi lililotengwa kwenye mchoro wa miaka kumi iliyopita, ilimbidi kuzunguka ofisi moja hadi nyingine, na huenda asipate jibu hata baada ya kuzunguka.

Hapo ndipo tofauti kati ya ramani ya kawaida na mfumo huu inapoonekana. Ramani iliyotundikwa ukutani humwonyesha mtu vitu ambavyo mchoraji aliamua kuvichora. Mfumo humruhusu mtu kuuliza jambo ambalo hakuna aliyelichora: ni viwanja vipi vya kata hii vilivyo karibu na mto kuliko sheria inavyoruhusu, vimesajiliwa kwa matumizi gani, na hati zake zilitolewa lini? Jibu hutoka likiwa orodha na ramani kwa wakati mmoja.

Wengine hudhani kwamba teknolojia hii ilibuniwa kwa ajili ya jeshi au biashara, na kwamba taasisi za ardhi zimeiazima tu. Historia inasema vingine. Mfumo wa kwanza wa aina hii ulijengwa nchini Canada katika miaka ya 1960 chini ya Roger Tomlinson, kwa sababu serikali ya huko ilitaka kuorodhesha uwezo na matumizi ya ardhi ya nchi kubwa mno, na ilikwisha kuonekana kwamba kupima maeneo kwa mkono juu ya maelfu ya karatasi za ramani kungehitaji watu wengi kuliko waliokuwapo. Kwa hiyo usimamizi wa ardhi ndio uliouzaa mfumo huu.

Nchini Tanzania, Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi ilianza kujenga mfumo unganishi wa kumbukumbu za ardhi, maarufu kwa kifupi chake cha ILMIS, ukianzia Dar es Salaam. Juhudi za kuueneza usajili na upimaji zimeongezewa nguvu na Mradi wa Uboreshaji wa Usalama wa Milki za Ardhi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 150 mwezi Desemba 2021. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na Kamisheni yake ya Ardhi, nayo ilichukua njia yake yenyewe, kama tutakavyoona.

Namba zinazosema mahali

Moyo wa mfumo ni koordineti, yaani namba mbili zinazotaja mahali pamoja tu juu ya uso wa dunia. Mwananchi aliyewahi kuiona ramani ya upimaji atakumbuka jedwali dogo lenye namba ndefu zinazotisha. Kwa kweli ni namba nyepesi kusoma. Tuseme kona moja ya kiwanja kilichoko kaskazini mwa Dar es Salaam imeandikwa 523,450 upande wa mashariki na 9,262,310 upande wa kaskazini. Namba zote mbili ni mita. Ya pili huhesabiwa kwa namna ambayo Ikweta yenyewe inapewa namba 10,000,000, kwa hiyo ukitoa utapata mita 737,690: kona hiyo iko kama kilomita 738 kusini mwa Ikweta. Ya kwanza hupimwa kutoka kwenye mstari wa katikati ya kanda (kipande cha dunia kilicho kati ya longitudo mbili), ambao umepewa namba 500,000, na kwa Dar es Salaam mstari huo ni longitudo ya nyuzi 39. Kona yetu basi iko kilomita 23 na mita 450 mashariki mwa mstari huo.

Sasa tazama jinsi kosa dogo la kibinadamu linavyokuwa kubwa. Mwandishi akizinakili namba hizo haraka na kuandika 532,450 badala ya 523,450, tarakimu mbili tu zimebadilishana nafasi, lakini kona imeruka kilomita 9 kuelekea mashariki na kuangukia Bahari ya Hindi. Kosa la namna hiyo ni rahisi kuligundua kwa sababu kiwanja hakikai baharini. Linalosumbua ni kosa la mita tatu au nne, ambalo humwingiza mtu ndani ya ua wa jirani yake na kukaa humo kimya kwenye kumbukumbu hadi siku mmoja wao atakapotaka kuuza.

Kuna jambo la pili kuhusu namba hizi, nalo ndilo chanzo cha mabishano mengi kati ya wananchi wenye simu na ofisi za ardhi. Koordineti hazina maana mpaka ijulikane zimepimwa kutoka wapi. Ni kama mafundi wawili wanaopima chumba kimoja, mmoja akianzia kwenye fremu ya mlango na mwingine akianzia kwenye kona ya ukuta: wote wamepima sawasawa, ila ukichanganya vipimo vyao dirisha litawekwa mahali pasipo pake. Upimaji mwingi wa zamani wa Afrika Mashariki ulitumia msingi unaoitwa Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya setilaiti hutumia msingi wa kidunia uitwao WGS 84. Kwa nchi yetu, koordineti za msingi wa zamani zikisomwa kana kwamba ni za msingi mpya, mahali panapooneshwa husogea takriban mita 300. Ndiyo maana mtu huchukua namba za kwenye ramani yake ya upimaji ya zamani, akaziingiza kwenye simu, akajikuta amesimama mtaa wa tatu kutoka nyumbani kwake, kisha akaamini kwamba ameibiwa. Ukweli ni kwamba hapo alipo hakuna aliyesogeza jiwe lolote; kilichokosekana ni kugeuza namba kutoka msingi mmoja hadi mwingine, kazi ambayo programu huifanya mara moja ikiwa mtumiaji ameiambia msingi uliotumika.

Tanzania pia imegawanyika katika kanda tatu za namba hizi, ambazo ni 35, 36 na 37. Kigoma iko kanda ya 35, Mwanza ya 36 na Dar es Salaam ya 37. Mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36, ambayo hupita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma, hivyo mkoa huo una maeneo ya kanda zote mbili. Faili ambalo halikutaja kanda yake linaweza kukibeba kiwanja chote na kukiweka mamia ya kilomita kutoka kilipo.

Matabaka, na kila tabaka lina mwenyewe

Koordineti zikishakuwa kwenye msingi mmoja, mfumo unaweza kuyapanga mambo kwa matabaka. Maofisa mipangomiji wa zamani walifanya kazi hii kwa karatasi angavu zilizowekwa moja juu ya nyingine kwenye meza yenye taa chini yake. Siku hizi tabaka moja lina mipaka ya mikoa, wilaya, kata na vijiji. Jingine lina viwanja vilivyopimwa na kuidhinishwa. Jingine lina michoro ya mipangomiji. Mengine yana barabara, mito, maeneo oevu na hifadhi. Na chini ya yote huwekwa picha ya anga au ya setilaiti.

Watu wengi hawajui kwamba Wizara si mmiliki wa matabaka yote haya. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, barabara za mijini na vijijini ni za TARURA, na hifadhi zina mamlaka zake. Mipaka ya hifadhi nyingi ilitangazwa kwa Tangazo la Serikali, tena kwa maneno: kutoka kilima fulani kuelekea mto fulani, kisha kufuata mto hadi unapokutana na kijito. Mto uliohama tangu siku hiyo, au kilima ambacho wenyeji wanakiita kwa jina jingine, hutosha kuwafanya wachoraji wawili waaminifu wachore mistari miwili tofauti kutoka kwenye tangazo hilohilo. Kompyuta itauchora mstari wowote itakaopewa, na utatokea mwembamba na safi hata kama maneno uliotokana nayo yana utata. Usafi huo wa mstari ndio unaowapotosha watu, nami nadhani ofisi yoyote inayoonyesha mpaka wa namna hiyo ingepaswa kueleza pia umetokana na nini.

Kasoro ambayo namba ya kiwanja haiwezi kuionyesha

Kama ningetakiwa kutaja faida moja tu ya mfumo huu kwa mwananchi wa mjini, ningetaja uwezo wake wa kufichua milki pandikizi, yaani ardhi ileile kumilikishwa kwa watu wawili. Wengi hufikiri kwamba tatizo hili hutokea kwa sababu ofisa aliandika majina mawili kwenye jalada moja. Mara nyingi sivyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo lilipangwa zamani na mchoro wake ukawa na kiwanja namba 45 katika kitalu F. Miaka kadhaa baadaye eneo hilohilo likapangwa upya, mchoro mpya ukachorwa, na ardhi ileile ikawa sehemu ya kiwanja namba 212 katika kitalu C. Mchoro wa zamani haukufutwa ipasavyo. Mtu wa kwanza alimilikishwa kwa mchoro wa zamani, wa pili kwa mchoro mpya, na kila mmoja ana jalada lake, namba yake na risiti zake za kodi ya pango.

Mnunuzi makini akienda kufanya upekuzi rasmi wa kiwanja namba 212, majibu yatakuwa safi: mmiliki anajulikana, hakuna zuio, hakuna rehani. Akifanya upekuzi wa namba 45, majibu yatakuwa safi vilevile. Upekuzi unaofuata namba hauwezi kuiona kasoro hii kwa sababu kwa upande wa namba hakuna kasoro. Ni pale tu maumbo ya viwanja vyote viwili yanapowekwa kwenye tabaka moja ndipo yanapoonekana yakipandana, na mfumo unaweza kutaja hata ukubwa wa eneo linalopandana, tuseme mita za mraba 310 kati ya 600. Mahali hapabadiliki jina hata mchoro ukibadilishwa mara tano.

Majina ya maeneo nayo yana mtego wa aina hiyo. Dar es Salaam ina Mbezi Beach na ina Mbezi Luis, sehemu mbili zilizo mbali kabisa, na jalada lililoandikwa Mbezi bila maelezo zaidi humwachia karani wa baadaye kazi ya kubahatisha. Umbo lenye koordineti haliachi nafasi ya kubahatisha.

Hata hivyo, kazi hii inahitaji busara. Viwanja viwili vilivyopimwa na wapimaji tofauti katika miaka tofauti karibu kila mara vitaonekana vikipandana kwa ukanda wa sentimita chache katika mpaka wao wa pamoja, kwa sababu hakuna kipimo kisicho na kosa dogo. Kama kila ukanda wa namna hiyo utaitwa mgogoro, ofisi itajaa migogoro ambayo majirani wenyewe hawaijui. Kwa hiyo wataalamu huweka kiwango cha tofauti kinachovumilika, na kinachozidi hapo ndicho kinachofuatiliwa. Na mfumo ukishasema kwamba viwanja hivi vinapandana, umefika mwisho wa uwezo wake. Nani alimilikishwa kwa kufuata sheria, nani alibatilishiwa bila taarifa, nani anastahili kiwanja mbadala: maswali haya ni ya Kamishna wa Ardhi, mabaraza na mahakama.

Mita thelathini za barabara

Mfano mwingine unaogusa watu wengi ni hifadhi ya barabara. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria hiyo iliipanua kuwa mita 30 kila upande. Wengi wanazikumbuka alama za X zilizopakwa kwenye kuta, nyekundu kwa walio ndani ya hifadhi ya zamani na kijani kwa wale waliofikiwa na upanuzi, ambao walistahili kuzungumziwa fidia.

Kwa mfumo wa taarifa za kijiografia, ofisa huchukua mstari wa katikati ya barabara na kuiamuru programu itengeneze kanda mbili: ya kwanza kutoka sifuri hadi mita 22.5, ya pili kutoka hapo hadi mita 30. Kisha huuliza ni majengo yapi yanayogusa kila ukanda. Kazi iliyochukua wiki nyingi za kutembea na utepe hupata orodha ya awali kwa dakika chache. Utaratibu huohuo hutumika kwa mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikinga kando ya bahari, maziwa na mito.

Lakini tazama upana wa ule ukanda wa pili: ni mita 7.5 tu. Ikiwa umbo la nyumba lilichorwa kutoka kwenye picha ya setilaiti yenye kosa la mita tano, nyumba hiyo inaweza kuhamia kwenye orodha isiyo yake, na tofauti ya orodha hizo mbili ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa. Kwa sababu hiyo orodha ya kompyuta inapaswa kuchukuliwa kuwa mwongozo wa wapi pa kwenda kupima, na kipimo cha mwisho kichukuliwe ardhini, mbele ya mwenye nyumba.

Vijijini usahihi wake ni mwingine

Ardhi ya vijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Kupima kila shamba kwa vifaa vya gharama na kuweka nondo na zege katika kila kona kungechukua vizazi. Kwa hiyo katika utoaji wa hati za hakimiliki ya kimila, mipaka mara nyingi huchukuliwa kwa simu au kishikwambi chenye kipokezi cha setilaiti, au huchorwa juu ya picha ya anga iliyochapishwa, huku mwenye shamba na majirani wakitembea pamoja kwenye mpaka. Programu ya simu iitwayo MAST, iliyojaribiwa kwanza katika vijiji vya mkoa wa Iringa, ilijengwa kwa kazi hii hasa.

Baadhi ya watu hulidharau zoezi hili kwa sababu simu ya kawaida hukosea kiasi cha mita tano hata penye anga wazi. Dharau hiyo haina msingi. Kwa kiwanja cha mjini chenye upana wa mita 20, mita tano ni robo ya kiwanja, na kosa hilo halikubaliki. Kwa shamba la hekta tatu ambalo mpaka wake ni mstari wa minyaa unaojulikana na kila mtu, mita tano hazimnyang'anyi mtu chochote, maana kinachouthibitisha mpaka ni minyaa na ushahidi wa majirani. Usahihi hupimwa kwa kazi iliyokusudiwa.

Kuna hatari moja vijijini ambayo naiona kuwa kubwa kuliko kosa la simu, nayo ni kudhani kwamba pasipo na kitu kwenye kioo hapana mtu. Ardhi kubwa ya nchi hii haijapimwa, hivyo kwenye tabaka la viwanja na mashamba yaliyosajiliwa inaonekana tupu. Picha ya setilaiti iliyopigwa kiangazi nayo huonyesha nyanda za malisho kana kwamba zimeachwa, wakati wafugaji wamehamisha mifugo kwa msimu na watarudi mvua zikianza. Dawa yake ni kuwataka wenyeji wachore wenyewe: visima, njia za mifugo, maeneo ya malisho ya kiangazi na ya masika, kisha michoro yao iingizwe kwenye mfumo. Katika wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga kwa pamoja matumizi ya ardhi na kutenga malisho ya pamoja yanayoitwa OLENGAPO, jina lililounganishwa kutoka majina ya vijiji hivyo. Malisho yanayovuka mipaka ya vijiji vitatu yasingeonekana kamwe kama kila kijiji kingepangwa peke yake.

Picha kutoka juu huonyesha paa, haionyeshi milki

Dar es Salaam ilijifunza jambo hili katikati ya miaka ya 2000, Serikali ilipotambua majengo katika maeneo yasiyopangwa ili kutoa leseni za makazi. Picha za setilaiti zilisaidia kuchora mapaa na kuyapa namba. Lakini paa moja laweza kuwa na familia nne za wapangaji, na nyumba mbili zilizogusana zaweza kuonekana paa moja, kwa hiyo bado ilibidi watu waende nyumba kwa nyumba wakiongozana na viongozi wa mitaa kuuliza nani ni nani. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi kwa upande wa picha: kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba, na kupata picha zenye undani wa sentimita chache, ambazo zinaonyesha hata ukuta wa ua. Hata picha hizo haziwezi kusema nani alirithi ua huo kutoka kwa nani.

Na hofu ya kitufe? Haina budi kujibiwa kwa uaminifu. Mfumo wowote unaweza kutumiwa vibaya na mtu aliye ndani. Tofauti ni kwamba mfumo uliojengwa vizuri hutunza historia ya kila badiliko: nani alibadilisha, lini, na umbo la awali lilikuwaje, na hauruhusu mtu mmoja kuanzisha badiliko na kuliidhinisha yeye mwenyewe. Jalada la karatasi lililonyofolewa ukurasa halina historia ya kuonyesha. Hivyo swali la mwananchi lisiwe kama kompyuta inaaminika, liwe kama historia hiyo inatunzwa na kama mwenye ardhi anaweza kuipata anapoihitaji.

Anayenunua kiwanja leo anaweza kuyatumia haya yote kwa hatua chache. Asiishie kwenye upekuzi wa namba; aombe pia kiwanja kitazamwe mahali kilipo, pamoja na majirani zake, mchoro wa mipangomiji unaotumika sasa na hifadhi ya barabara. Aulize koordineti za ramani yake ni za msingi upi. Asiukubali mstari unaoonekana kwenye ramani ya bure ya simu kuwa mpaka, kwa sababu mstari huo haukutoka kwenye upimaji ulioidhinishwa. Kisha aende uwanjani na mpima ardhi aliyesajiliwa kuyatafuta mawe ya mipaka, yale ya nondo iliyosimikwa kwenye zege lenye herufi na namba, ayalinganishe na jedwali la ramani moja baada ya jingine. Jiwe likikosekana, mpima hulirejesha mahali pake kwa koordineti zilizoidhinishwa, kazi inayoitwa kufufua mipaka, na ni vyema ifanyike majirani wakiwapo na kabla fedha hazijalipwa.